Fanta Ameanguka Tena

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi kutoka Louisville na mbuzi. Mgongo umekatika, moyo umejaa. Asante Mungu.

Jike. Mweusi mbele, mweupe nyuma, kama aliyerudi kinyumenyume akaingia kwenye gunia la unga. Macho yametoka nje kidogo, kama mtu aliyepewa habari sasa hivi. Amesafiri kiti cha nyuma juu ya blanketi la Josiane, mke wangu. Josiane ameshamwona mbuzi. Blanketi bado.

Mzee aliyeniuzia ana shamba nje ya mji. Mtu mwema, kofia ya majani, meno machache. Kiingereza chake ni cha kusini, maneno yanatoka yameshikana kama tambi za jana. Changu ni cha ghalani kazini: inua, weka, haraka, kapumzike. Tukaelewana vizuri. Alinitajia jina la mbuzi kabla sijauliza. Fanta. Akalirudia na kulirudia, huku ameweka kiganja kwenye paji la uso na kulegeza magoti, kunionyesha kwamba ni mbuzi mtulivu, anapenda kulala. Nikamwambia Fanta, veri gudi. Kule kambi ya wakimbizi tulikunywa Fanta sikukuu ya Krismasi tu, tena chupa moja kwa nyumba nzima. Nimeliona jina hilo kuwa baraka.

Naandika hapa kwa nini nimejitesa, ili nikichoka katikati ya juma nisome.

Mama Agata si mama yangu wa kuzaa. Alinichukua kambini Mtabila, mkoa wa Kigoma, mama yangu alipofariki. Alikuwa na mbuzi mmoja. Nilipougua surua akamuuza apate nauli ya kunipeleka hospitali Kasulu. Hakupata mbuzi mwingine mpaka leo. Sasa anaishi Buffalo na binti yake Fides, na tangu afike Amerika ana lalamiko moja tu: asubuhi za huku hazina sauti ya mbuzi.

Mwezi wa pili alianguka jikoni. Puu, macho wazi, hajibu. Fides alitupigia simu analia, sisi huku Columbus tukaanza kutafuta suti nyeusi. Kumbe Mungu hakuwa amemwita. Hospitali wakamrudisha. Sasa anatembea, anakula, anagombana na watu. Jumamosi tunakusanyika kwake kushukuru.

Kanisa lao lina shamba nje ya mji, wanalima lengalenga, mchicha wa kwetu, na kufuga kuku. Wamekubali kumtunza Fanta, na Mama atapelekwa kumwona. Kwa hiyo nataka jambo moja tu: Jumamosi mbuzi huyu asimame mbele ya Mama Agata kwa miguu yake minne. Basi.

Jambo la pili: zawadi yangu iishinde ya Pantaleo. Pantaleo naye alilelewa na Mama Agata, tulilala mkeka mmoja. Amemnunulia kiti cha umeme. Unabonyeza kitufe, kiti kinakuinua mpaka unasimama. Anakisimulia kama vile amekizaa. Tena huwaambia watu kwamba mbuzi wa kambini aliuzwa kwa ajili ya surua yake yeye. Uongo. Surua ilikuwa yangu.

Jumatatu, 5 Mei

Balaa.

Nimetoka kazini, siku nzima napakia maboksi ya viatu kwenye lori. Nimefika nyumbani, nikabonyeza kidude cha mlango wa gereji. Mlango ni mzee, unapanda ukilia kama treni. Ndani Fanta amesimama anatafuna. Akanitazama. Miguu yote minne ikakakamaa. Akaanguka ubavu kama meza iliyosukumwa. Macho wazi, hajibu.

Kama Mama Agata jikoni. Hilo ndilo lililonitetemesha. Kwetu hupeleki mnyama mgonjwa kwa mtu aliyetoka kitandani. Mnyama akianguka mbele yake, umemtabiria. Watu hawatasema Salvatori alileta mbuzi. Watasema Salvatori alileta taarifa.

Nikakimbilia jikoni. Kitunguu saumu, tangawizi, maji ya uvuguvugu. Nikarudi, nikamshika taya, na kabla sijamimina hata tone Fanta akainuka, akajitikisa, akaendelea kutafuna pale alipoachia. Hakumeza chochote. Harufu tu ilitosha. Sijawahi kuona dawa kali namna hiyo.

Josiane akashauri daktari wa wanyama. Nikapiga simu. Msichana aliyepokea akauliza mbuzi ana umri gani, anaishi anwani gani, na kama wakuu wa mji wanajua kwamba ninaye. Nikakata simu kwa heshima.

Nashukuru kwa kitunguu saumu.

Jumanne, 6 Mei

Fanta ameanguka tena. Asubuhi, lori la taka lilipopita. Jioni, mlango wa gereji ulipofunguka. Nimechunguza, nimegundua: ni upepo. Mlango ukifunguka, upepo mbaya unaingia. Nimetundika mashuka.

Kazini nilimweleza Balagizi, tunafanya pamoja kwenye mkanda wa maboksi. Mtu wa Walungu, Kongo, anajua kila kitu na anakisema polepole. Akafikiri mpaka maboksi yakajaa mbele yetu. Akasema, "Bon. Hiyo ni ugonjwa ya ndege. Kwetu beko na dawa yake. Unatafuna pilipili, unamupulizia mu pua."

Kwao bon ni haya basi, ndege ni degedege. Nikauliza pilipili gani. Akasema sijui, ile kali.

Nilipata jibu mwenyewe dukani kwa Waafrika. Pilipili mbuzi. Zimekaa pale kwenye kikapu, nyekundu na njano, jina lenyewe linasema ni za nani. Wazee walioita vitu majina hawakuwa wajinga. Nilishangaa watu wote hawa wanazila miaka yote bila kujiuliza.

Nikangoja aanguke. Nikafungua mlango, akaanguka. Nikatafuna mbili. Sina maneno ya kueleza kilichotokea kinywani. Nikainama kwenye pua yake, nikapuliza. Fanta akapiga chafya. Ilirudi yote machoni kwangu. Nikapiga ukelele mpaka jirani akawasha taa. Fanta, aliyekuwa ameanza kuinuka, akaanguka upya.

Josiane aliniosha uso kwa maziwa ya mtoto wetu Isaro. Hakucheka. Alingoja mpaka atoke nje ndipo akacheka, nilimsikia. Hiyo ndiyo ndoa. Nashukuru.

Kumbukumbu: Fanta aliinuka baada ya pilipili pia. Kwa hiyo na yenyewe ni dawa.

Jumatano, 7 Mei

Mwenye nyumba amekuja bila taarifa kutazama tangi la maji ya moto. Tangi liko gereji.

Mkataba unakataza wanyama. Mbwa hapana, paka hapana. Mbuzi hawakutajwa, ila sikutaka tuanze mjadala. Nilimwambia tungoje kidogo, ndani kuna vumbi. Akabonyeza kidude mwenyewe. Mlango ukalia. Nikasikia puu.

Mwenye nyumba akasimama mbele ya Fanta. Amelala ubavu, miguu imenyooka, jicho halipepesi. Akauliza hiki ni nini. Kiingereza kilinishukia kutoka mbinguni. Dekoresheni, nikasema. Ya Krismasi.

Tuko mwezi wa tano.

Akainama, akamgusa pembe. Akasema siku hizi watu wanatengeneza vitu, utadhani kiko hai. Nikamwambia ni kazi ya mkono, kutoka Afrika. Akageukia tangi. Nyuma yake dekoresheni ikanyanyuka ikaanza kutafuna. Nikakohoa kwa nguvu ili asisikie. Ikaanguka. Alipofunga koki ikanyanyuka. Nikakohoa tena. Tuliendelea hivyo mpaka akamaliza. Mlangoni akanipa pole ya kifua, akanishauri nimwone daktari.

Ni mara ya kwanza nashukuru kwa ugonjwa. Lakini siku zinakwisha, na Fanta haponi, anaamka tu.

Alhamisi, 8 Mei

Pantaleo amekuja na gari lake kubwa kupima kama kiti na mbuzi vitaenea pamoja. Bila gari hilo sifiki Buffalo na mnyama, langu liliwasha taa ya onyo nikitoka Louisville. Kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kumpokea vizuri. Nimemfuta Fanta kwato, nimemsimamisha kwenye mwanga.

Pantaleo alipofika alipiga honi, kama kawaida yake, ili mtaa mzima ujue.

Alishuka, akamtazama Fanta chini sakafuni. Akavua kofia.

"Salva, ndugu yangu," akasema, "huyu mbuzi ni marehemu."

Nikamwambia amepumzika. Akasema mtu akipumzika hukunja miguu. Akazunguka, akatazama jicho. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono wa huruma, mbaya kuliko kofi. Akasema niachane na mbuzi, kwamba kumpelekea Mama mnyama anayeanguka ni kumkumbusha sakafu ya jikoni. Hapo alisema kweli, na nilimchukia kwa hiyo kweli. Akasema hana roho mbaya, atatia na jina langu kwenye kiti. Itatangazwa: kiti kutoka kwa Pantaleo na wenzake.

Wenzake. Mimi, mwenye surua, niitwe wenzake.

Nilimwambia hivyo. Akasema surua ilikuwa yake, anakumbuka madoa. Nikasema anakumbuka madoa aliyoyaona kwangu. Tulikuwa tumefika kwenye nani alikojoa mkekani ndipo nikakumbuka dawa. Nilikuwa nimechemsha umubirizi, yale majani machungu tuliyonyweshwa kambini kwa kila ugonjwa, hata ugonjwa wa kutotii. Nikamwonyesha Fanta chupa. Nilimwonyesha tu. Akainuka.

Pantaleo akaikodolea chupa macho. Akauliza humo ndani kuna nini. Nikasema ni siri ya nyumba. Akakuna goti lake la kushoto, linalomsumbua kila baridi. Akauliza kama inafanya kazi na kwa watu.

Tumekubaliana. Yeye gari, mimi chupa. Mbuzi anakwenda. Asante Mungu kwa goti la Pantaleo.

Lakini usiku nilikaa na maneno yake. Ya jikoni, siyo ya surua. Je, akianguka mbele ya Mama? Nitasema nini? Hakuna chupa ya hilo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimechanganya dawa zote kwenye sufuria moja. Kitunguu saumu, tangawizi, umubirizi, mkaa uliosagwa, mawese ya Josiane, na pilipili mbuzi nusu, maana sasa tunaheshimiana. Imekuwa nyeusi, nzito, inasimamisha mwiko. Nimempaka Fanta mgongoni na kwenye viungo. Kunywa amekataa. Nimekunywa mimi kidogo ili aone mfano. Mgongo wangu umepata joto la ajabu, na tumbo pia.

Josiane alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Baba Isaro, bon, unisikilize leo tu. Hii mbuzi inaanguka wakati ya makelele. Donc inashituka. Haiko mugonjwa."

Nikamweleza kwa upole kwamba mambo ya tiba yana watu wake. Kama kelele zingekuwa zinaangusha, ghalani kwetu nani angebaki amesimama?

Akaingia ndani. Akarudi na pamba na kipande cha kitenge. Akamziba Fanta masikio, akamfunga kitenge kichwani kama mama anayekwenda kanisani. Nikamwacha. Mwanamke naye anapenda kuchangia.

Baada ya hapo nilifungua mlango wa gereji. Fanta akanitazama tu. Lori likapita. Fanta akatafuna. Nikafunga na kufungua mpaka mlango ukapata moto. Amesimama kama mnara.

Dawa imeshika! Nimejaza chupa nyingi za soda. Nimepiga magoti palepale sakafuni, nimeshukuru.

Jumapili, 11 Mei, Buffalo

Naandika kwenye ngazi za jikoni kwa Fides. Jana sikuweza.

Safari ilikuwa njema. Pantaleo aliendesha, Josiane aliimba, kiti kilifungwa kamba nyuma, Fanta amesimama kando yake na kitenge chake. Karibu na Cleveland lori lilitupigia honi ya kufufua wafu. Fanta hakutikisika. Nilimtazama Pantaleo. Pantaleo akatazama barabara.

Watu walikuwa wamejaa uani. Mama Agata amekaa katikati, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kitambaa cheupe kichwani. Nilipomsalimia alinishika shavu. Akaniuliza kwa nini ninanuka supu.

Kiti kilitangulia. Waya ulivutwa kutoka sebuleni. Pantaleo alihutubia kirefu, kisha Mama akaketishwa, akaegemea, akafumba macho, akasema kizuri, kizuri. Pantaleo akabonyeza kitufe. Kiti kikaanza kunguruma na kupanda. Mama akashika mikono ya kiti. "Kinanifukuza," akasema. "Sijamaliza hata kusalimiwa, kinaniambia nenda. Nimekikosea nini?" Watu wakajaribu kumweleza. Akasema yeye hakai mahali anapoulizwa anaondoka lini. Nilitazama chini ili uso wangu usionekane. Mungu anisamehe, na asante kwa wema ule.

Zamu yangu. Nikamleta Fanta kwa kamba. Watu wakaguna kwa furaha. Mama akaweka mkono mdomoni. Fanta amesimama, miguu minne, anang'aa mawese. Hapo ndipo nilipotaka kuongeza. Kilemba kilikuwa kinaficha pembe, na zile pembe ni nzuri. Nikataka Mama azione. Nikamvua kitenge. Pamba ikatoka nacho.

Kina mama wakapiga vigelegele. Vigelegele vya Buffalo, vya watu waliojifungia ndani majira yote ya baridi.

Puu.

Miguu imenyooka, macho wazi, mbele ya viatu vya Mama Agata.

Fides akashika kifua. Mzee mmoja akaanza kuvua kofia. Nilikuwa na chupa ya soda mfukoni na mkono ukakataa kuitoa. Sikuweza kumtazama Mama. Nilitazama viatu vyake tu, na mbuzi kando yake, na nikajua nimempelekea sakafu ya jikoni kwa mkono wangu.

Ndipo Pantaleo akasimama. Nikajua ananizika.

Akasema, "Ndugu zangu, kwetu ukiletwa mbele ya mkubwa unapiga magoti. Huyu ni wa Amerika, hajui kipimo. Amepiga yote manne."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Kisha wawili. Pantaleo hakunitazama. Namwandikia hapa asante ambayo sitaweza kumwambia kwa mdomo, maana ataitangaza.

Mama Agata akanyanyuka kitini. Bila kitufe. Fides akakimbia kumshika, akamkatalia kwa kidole. Akainama polepole, akamshika Fanta sikio.

"Amka, binti," akamwambia. "Mimi nilikuwa hapohapo mwezi wa pili. Huko chini hakuna cha kuona."

Fanta akainuka. Akajitikisa. Akatafuta kitu cha kutafuna, akapata pindo la kitenge cha Mama.

Mama akacheka mpaka akashika pembe asianguke. Akatuonyesha kwa mkono mmoja mmoja, akasema hawa wote walikwisha kunitafutia sanduku, ninawajua, hata nyimbo walichagua. Sasa tuko wawili, akasema. Yeye akianguka nitamcheka, nami nikianguka anicheke, nyinyi mkae mbali na mtulie.

Ndipo jirani wa upande wa pili wa uzio, mama Mmarekani aliyekuwa anatutazama na kikombe chake, akasema kitu huku anacheka. Fides akatafsiri. Kuna aina ya mbuzi wanaozaliwa hivyo, akasema. Wakishtuka misuli inakaza, wanaanguka, wanaamka wenyewe. Hawaumwi kitu. Kwa Kiingereza mbuzi wa hivyo anaitwa mzimiaji. Akalitamka neno lenyewe: fainta.

Fanta.

Nikaona kiganja cha yule mzee kwenye paji la uso. Nikaona magoti yake yakilegea.

Josiane alisema neno moja tu: "Bon." Nimeoa mwanamke anayeweza kuweka juma zima ndani ya neno moja. Pantaleo alicheka mpaka akaketi kwenye kiti chake mwenyewe, kiganja kikagusa kitufe, kiti kikamtoa.

Jioni tulimwomba Mama atuamulie, mara moja na kwa wote. Nani alikuwa na surua? Mbuzi wa Mtabila aliuzwa kwa ajili ya nani? Akatutazama kama anavyotutazama tangu tukiwa na meno ya maziwa.

"Mlikuwa wagonjwa wote wawili," akasema. "Mmoja surua, mmoja wivu. Nikaona njia ni ndefu, nikawabeba wote."

Akanywa chai yake. Hakusema nani nini.

Alfajiri hii, kabla hajapelekwa shambani, Fanta amelia uani. Dirisha la juu likafunguka. Mama Agata amemjibu. Wamezungumza kwa muda, sikuelewa lugha. Nimekaa hapa kwenye ngazi na miguu yangu imechoka na sina ninachomwomba Mungu leo.

Jumatano, 14 Mei

Columbus. Kazini. Mgongo.

Nimetafakari kwa utulivu na naona mambo matatu yamekaa wazi.

La kwanza, ni wazi surua ilikuwa yangu. Ukimsikiliza Mama vizuri, alisema surua kwanza, na aliponiangalia ndipo aliposema. Pantaleo amenipigia simu kusema vivyohivyo kuhusu yeye. Nimemhurumia.

La pili, dawa. Sawa, mbuzi huyo anaamka mwenyewe. Lakini nani aliwahi kumpima bila dawa yangu? Siku zote nilikuwa nayo karibu. Balagizi amempa shangazi yake mwenye kizunguzungu kijiko kimoja, na amesema mama wa watu alisimama hapohapo, akatoka nje mbio. Pantaleo anaulizia chupa ya pili ya goti. Josiane amezitoa zilizobaki jikoni, amesema zinatoboa plastiki. Nimezihamishia gereji. Nafasi ipo.

La tatu, na ndilo la furaha. Nimempigia yule mzee wa Louisville kumshukuru, maana shukrani haina aibu. Akafurahi sana. Akasema ana mnyama mwingine anataka kumtoa haraka, kwa bei ya kama bure. Punda jike. Nikafikiri: Mama Agata, shamba la kanisa, mboga za kubeba. Na Pantaleo, ambaye nasikia ameanza kuulizia jokofu.

Mzee amenitumia picha. Punda mzuri, masikio marefu, uso wa akili. Mzee mwenyewe amesimama mbali naye kidogo, na mkongojo, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Masikini, uzee. Anamnyooshea punda kidole, kisha mguu wake wenye plasta, nadhani anaonyesha kwamba kwa nguvu za yule punda hahitaji tena kutembea. Nitampelekea chupa mbili.

Alinitajia jina kabla sijauliza, akalirudia na kulirudia ili nilishike. Kika.

Jina zuri. La kike. Nimemwambia Kika, veri gudi, Jumamosi nakuja.